Kalamu ya Reginald Mengi: uchambuzi wa kisa cha kiwanda kilichoanzia nyumbani

Kila ninapofika kwenye somo la mtaji, naingia darasani na pakiti ya kalamu za wino, zile za bei ya chini kabisa dukani. Kila mwanafunzi anapata moja, na kazi yake ni kuifungua yote. Wanaanza kwa kusitasita, kama watu wanaoogopa kuharibu mali ya mwalimu, halafu meza zinajaa vipande: mrija wa nje wa plastiki, refili yenye wino, ncha yake yenye kigololi ambacho hukioni mpaka uisogeze karibu na jicho, kizibo kidogo cha nyuma, na kifuniko. Kisha nawaambia waiunganishe tena. Aliye mzito kabisa anatumia nusu dakika.

Ndipo nawatajia Reginald Mengi.

Wanamjua. Mwenye ITV, mwenye Radio One, mwenye gazeti la Nipashe, mwenye maji ya Kilimanjaro. Mwaka 2014 jarida la Forbes lilikadiria utajiri wake kuwa dola milioni 560 za Marekani. Alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019, na wiki ile nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari zake, kuanzia Dar es Salaam hadi kijijini kwao Machame alikozikwa. Wachache darasani ndio wanaojua kwamba kabla ya televisheni na kabla ya maji ya chupa palikuwa na kalamu, na kwamba kalamu hizo ziliunganishwa nyumbani kwake.

Kisa hiki kinasimuliwa sana kwenye semina za vijana, na mara nyingi kinasimuliwa nusu. Nusu hiyo inasema: mtoto wa maskini alikuwa na nia, akaunganisha kalamu, akawa bilionea. Mengi mwenyewe alikuwa na kaulimbiu aliyoirudia kila mahali, kwamba naweza, ni lazima, nitafanya, na hakuna ubishi kuwa aliiishi. Lakini nia haikuunganisha kalamu hata moja. Nusu iliyobaki imo kwenye hesabu na kwenye hali ya nchi ya wakati ule, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo nusu ambayo kijana mwenye laki mbili mfukoni anaihitaji zaidi.

Mtu mwenyewe

Alizaliwa miaka ya 1940 huko Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, katika familia ya watoto saba. Hakuficha alikotoka: nyumba ya udongo ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja, kama ilivyokuwa kwa Wachagga wengi wa enzi hizo. Alisoma, akafika shule ya sekondari ya Old Moshi, kisha akavuka bahari hadi Glasgow, Scotland, kusomea uhasibu. Tupunguze mwendo kidogo hapa. Mtoto wa kihambani, aliyezoea ukungu wa mlimani na migomba, anafika kwenye mji wa viwanda wa Ulaya, wenye baridi na moshi, kujifunza kazi ambayo Watanganyika waliokuwa nayo walihesabika. Alifuzu, na mwaka 1971 akarudi nyumbani akaanza kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand jijini Dar es Salaam. Alipanda ngazi hadi kuwa mwenyekiti na mkuu wa kampuni hiyo nchini, na hakuondoka mpaka 1989.

Mwaka huo wa 1989 naomba msomaji auweke kiganjani, tutaurudia.

Kazi ya mkaguzi wa hesabu ni kusoma vitabu vya watu wengine. Anaona aliyeagiza mzigo mkubwa ukamwozea ghalani, anaona aliyeuza sana na bado akafilisika kwa kuwa madeni hayakulipwa, anaona gharama ndogo ndogo zinavyokula faida kama mchwa. Kwa miaka mingi Mengi alilipwa mshahara kwa kutazama makosa ya biashara za watu. Hiyo ni shule, na haina cheti.

Nchi isiyo na kalamu

Vijana waliozaliwa baada ya 1990 wanapata shida kuielewa Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo huwa natumia muda mrefu hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya kufungwa, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Katikati yake ilipiganwa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na wakati huo huo bei ya mafuta duniani ikapaa. Hazina ya fedha za kigeni ilikauka. Kuagiza bidhaa nje kulihitaji leseni na mgao wa fedha za kigeni, na mgao huo ulikwenda kwanza kwenye mafuta, dawa na vipuri vya mashirika ya umma. Sabuni, sukari, dawa ya meno, nguo, vyote vilikuwa vya kupanga foleni. Ukiona foleni unajipanga kwanza, kinachouzwa unauliza ukishapata nafasi yako.

Mimi nilikuwa shule ya msingi. Kalamu ikigoma kuandika hatukuitupa. Tuliisugua ncha yake kwenye soli ya kandambili mpaka wino utoke, au tukaipumulia pumzi ya moto, au tukaichomoa refili na kuipuliza kwa nyuma hadi midomo ikawa ya bluu. Mwenye kalamu mbili alikuwa mtu wa kuombwa urafiki.

Sasa weka jambo jingine pembeni ya uhaba huo. Mwaka 1977 serikali ilitangaza elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakafurika. Kabla ya hapo na sambamba nayo kulikuwa na kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, na kwa takwimu za serikali, kufikia katikati ya miaka ya 1980 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki karibu asilimia 10 tu. Kila kijiji kilikuwa na ofisi, daftari la mahudhurio na muhtasari wa vikao. Mwalimu Nyerere alikuwa amewafundisha mamilioni ya watu kuandika, na nchi haikuwa na kalamu za kuwatosha.

Ukiniuliza soko la Mengi lilitoka wapi, nitakujibu kwamba lilitoka kwenye madarasa yale. Sijawahi kuona semina inayolisema hili, na huwa linanisikitisha, kwa sababu kijana anaondoka akidhani soko linaletwa na ari ya muuzaji. Soko lilikuwapo tayari, limekaa chini ya miembe na ubao wake, linasubiri.

Uamuzi wenyewe

Mengi alieleza mara nyingi kwamba wazo lilianza kwa shida ya kawaida kabisa, kutafuta kalamu na kuikosa. Maelfu ya watu walikosa kalamu siku hiyo hiyo. Yeye akafanya mpango wa kuagiza vipande kutoka nje na kuviunganisha nyumbani, na nyumba ikageuka kiwanda.

Kwa nini vipande, na si kalamu kamili? Swali hili ndilo kiini cha kisa, na darasani nalitenga kwa dakika ishirini nzima.

Jibu la kwanza ambalo wanafunzi hutoa ni bei, na ni sahihi. Vipande ni rahisi kuliko kitu kilichokamilika, na katika nchi ambako kila dola ilikuwa ya kugombewa, dola ile ile ilileta kalamu nyingi zaidi zikija zimefunguliwa. Kazi ya kuziunganisha ililipwa kwa shilingi, au kwa jasho la nyumbani. Baadaye, mwaka 1986, shilingi iliposhushwa thamani kutoka kama 17 kwa dola hadi 40, tofauti hii ikawa nzito zaidi: kila kazi uliyoweza kuifanya hapa nyumbani ilikuwa dola uliyoiokoa.

Jibu la pili huchelewa kuja, kwa sababu linahitaji kukumbuka hofu. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikamatwa kwa kukutwa na bidhaa majumbani. Wengine walizitupa mitoni na vichakani usiku ili wasikutwe nazo. Katika mazingira hayo, mtu anayenunua bidhaa kamili na kuzificha ili aziuze kwa bei ya juu alikuwa mlanguzi. Anayezalisha kitu ambacho hakikuwapo alikuwa na la kujibu akiulizwa. Mwaka uliofuata bajeti ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni wenyewe, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia mwishoni mwa 1985 milango ikazidi kufunguka, watu wakamwita Mzee Ruksa. Wengi waliitumia ruksa hiyo kuleta vitu vya kuuza. Kuunganisha ni hatua moja mbele ya kuuza, na hatua hiyo moja ndiyo inayomtenganisha mwenye duka na mwenye kiwanda. Kampuni aliyoijenga iliitwa IPP, kifupi cha maneno yenye maana ya kuendeleza miradi ya viwanda. Jina lenyewe linakuambia alikuwa akitazama wapi.

Jibu la tatu silipati mpaka nilichokonoe. Kalamu haiozi. Haihitaji jokofu, haina saizi, haipitwi na mtindo, sanduku moja lina maelfu na linaingia chini ya kitanda. Kosa likitokea, hasara ni ya kalamu moja. Mtu anayejifunza kuzalisha kwa mara ya kwanza anahitaji bidhaa inayosamehe makosa, na kwa jicho la mhasibu kalamu ni bidhaa ya namna hiyo. Ukilinganisha na kijana wa leo anayekopa ili aanze kufuga kuku wa nyama elfu moja bila kuwahi kufuga hata hamsini, unaona tofauti. Ugonjwa ukiingia bandani usiku, asubuhi biashara nzima iko kwenye mifuko.

Halafu kuna lile la 1989. Kalamu zilikuwa zikiuzwa, viwanda vingine vinafuata, na Mengi bado alikuwa akienda ofisini Coopers & Lybrand. Hakuacha kazi ili "ajitose", neno ambalo vijana wetu wanalipenda mno siku hizi. Mshahara ulilisha familia, kalamu zikalisha kalamu. Faida haikulazimika kulipa ada wala kodi ya nyumba, ilirudi kununua vipande zaidi. Aliondoka kwenye ajira pale biashara ilipokuwa imeshasimama kwa miguu yake.

Pale kisa kinapokataa kuigwa

Mwalimu anayempenda Mengi kwa dhati lazima afundishe na hili. Mtu aliyeunganisha kalamu nyumbani hakuwa tena mtoto wa nyumba ya udongo. Alikuwa mhasibu aliyesomea Scotland, mkuu wa kampuni ya kimataifa ya ukaguzi, mwenye mshahara, mwenye jina linaloaminika kwa msambazaji wa nje, anayejua kuandika barua ya biashara na kusoma mkataba. Kutoka Machame hadi kalamu ya kwanza ilipita miaka arobaini hivi ya kusoma na kufanya kazi. Tunaposimulia kana kwamba aliruka kutoka kwenye umaskini hadi kwenye utajiri kwa hatua moja, tunamdanganya kijana, na akijaribu akashindwa anajiona yeye ndiye mwenye kasoro, anadhani nia yake ilipungua.

Pia ule uhaba hautarudi. Leo kalamu kutoka China inafika Kariakoo kwa bei ambayo muunganishaji wa nyumbani haifikii. Anayenakili bidhaa ya Mengi atapoteza hela yake. Kinachofaa kunakiliwa ni namna ya kutazama: kitu gani watu wanakitafuta kila siku, kinachokuja kimekamilika, na ambacho sehemu ya kazi yake ingeweza kufanyika hapa?

Mlezi

Vinywaji baridi kupitia Bonite Bottlers ya Moshi, magazeti, kisha ITV na Radio One mwaka 1994, mara tu baada ya sheria kufungua mlango kwa watangazaji binafsi, hayo yote yana masimulizi yake na nayapita haraka. Ninachotaka kukitazama ni namna alivyolea wengine.

Alipozeeka Mengi alifanya jambo ambalo matajiri wengi wa rika lake hawakulifikiria. Aliingia Twitter na kuendesha shindano la mawazo ya biashara, washindi wakipata fedha za kuanzia. Enzi hizo ujumbe wa Twitter ulikuwa na nafasi ya herufi 140 tu. Ulitakiwa uieleze biashara yako kwenye nafasi ndogo kuliko ujumbe wa kumwomba mjomba nauli. Kwangu mimi huo ni ulezi wa hali ya juu. Ukishindwa kusema kwa sentensi mbili unamuuzia nani kitu gani, bado hujaanza kufikiri, na hakuna mtaji utakaokuokoa. Vijana wa Mbeya, Tandahimba au Kahama ambao wasingeruhusiwa hata kupita getini kwake waliweza kumwandikia moja kwa moja, na yeye akasoma.

Upande mwingine wa ulezi wake ulikuwa kwa watu wenye ulemavu. Kila mwaka aliwaandalia chakula cha mchana jijini Dar es Salaam, akakaa nao, akala nao. Alilipia watoto wenye matatizo ya moyo kwenda kutibiwa India. Alihimiza upandaji wa miti kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa miaka mingi. Najua wapo wanaosema tajiri akitoa anajitangaza, hasa akiwa na televisheni yake. Nimelifikiria hilo na sikubaliani nalo. Mei 2019 mwili wake ulipoletwa kutoka Dubai, miongoni mwa waliojitokeza barabarani na waliokwenda kumuaga kwenye ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam walikuwamo watu wa viti vya magurudumu na magongo. Hao hawakuja kwa sababu ya tangazo. Mtu aliyekula nawe meza moja mwaka baada ya mwaka, siku yako ikifika anakuja kukuzika.

Na alisafiri. Alianzia Glasgow, miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa mtu wa viwanja vya ndege, na mauti yalimkuta ugenini. Lakini angalia alichokileta kila aliporudi: taaluma ya uhasibu, vipande vya kalamu, mitambo ya kurushia matangazo. Kila safari ilirudi na kitu ambacho kingefanyiwa kazi hapa na mikono ya hapa. Alizikwa Machame tarehe 9 Mei, ardhi ile ile ya migomba.

Zoezi

Baada ya yote hayo narudi kwenye kalamu zilizo mezani. Nawapa wanafunzi hesabu ya kubuni: vipande vya kalamu moja vimekufikia kwa shilingi 90, unaiuza kwa jumla shilingi 150, mtu mmoja anaunganisha kalamu 800 kwa siku na unamlipa 10,000, na kalamu 3 katika kila 100 zinaharibika. Je, mwisho wa wiki ya siku sita umebaki na nini, na kama mwenye duka akikuomba akulipe baada ya mwezi, utanunua vipande vya wiki ijayo kwa fedha gani? Wengi wanapata faida haraka na kufurahi. Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayowanyamazisha, na ukimya huo naupenda, kwa sababu ndipo ninapoona vichwa vikianza kufanya kazi.

Muhula uliopita binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Anafanya usafi maofisini, na daftari lake lilikuwa na mchoro wa dekio: fimbo, kichwa cha nyuzi, kishikio cha plastiki, skrubu mbili. Pembeni ameandika bei ya dekio zima analonunua mwajiri wake, na idadi inayoharibika kwa mwezi katika majengo manne anayoyafahamu. Mara zote kinachoharibika ni kichwa. Fimbo inatupwa nayo ikiwa nzima.

Nilidhani ataniuliza habari za mkopo, na nilikuwa nimeshajiandaa kumkatisha tamaa.

"Shikamoo Mwalimu, nina swali moja tu," akasema. "Unamfahamu fundi mwenye mashine ya kukereza fimbo, asiyetaka oda ya mia mara moja?"

Nikampa namba ya fundi mmoja wa Keko. Aliiandika kwa ile kalamu aliyoifungua na kuiunganisha mwenyewe, akaifunika, akaondoka nayo.